Pua Yangu Ilimfukuza Rose

Jumamosi iliyopita mliniacha nimesimama mbele ya wazee wa kanisa, mmoja wao akininusa mdomo kama mnunuzi anayekagua samaki wa jana. Mlicheka, najua. Wengine mmenicheka hata sokoni, gazeti mkononi. Basi chekeni tena leo, ila mjipimie, maana mwisho wake haukunichekesha mimi.

Aliyekosa gazeti nimpe kwa kifupi. Naitwa Domitille, mke wa Ézéchiel, yule wa malori na samaki wakavu. Goma tulikuwa watu. Tulikuwa na depo, tulikuwa na heshima, na watu walituamkia wakiwa bado mbali. Mji ulipoanguka mwanzoni mwa mwaka huu, depo ikaenda, heshima ikaenda, tukashuka hadi Lubumbashi kwa mama mkwe wangu, Mama Marceline, aliyekuja mtaa wa Bel-Air zamani na marehemu mumewe kwa ajili ya biashara. Huyu ni yule anayesali kwa sauti ya juu ili majirani wazijue dhambi zangu kwa majina.

Nilikuja na binti yangu Benita na mdogo wangu Rose. Ndugu zangu wengine vita vimewatawanya, na kuna ambao hata sijui kama wanapumua. Siku ya kukimbia, Rose alimbeba Benita mgongoni, mimi nikabeba masanduku ya nguo. Mkitaka kujua ni nani kati yetu aliye na akili, angalieni nani alibeba nini.

Mama Marceline hakumtaka Rose tangu kizingitini. "Hapa haiko camp ya bakimbizi," alisema. Nikamjibu kwamba atakayemtoa Rose anitoe na mimi. Tangu siku hiyo amekuwa akitafuta sababu, na mimi nikamletea sababu hiyo katikati ya uso wangu.

Ilianza na joto la mashavu, kama mtu aliyeinamia mbabula ya makaa. Vikafuata vipele. Kisha pua ikavimba na kupata rangi ya shaba, na sijui kama kuna mji mwingine duniani ambako pua ya namna hiyo ingefaa kuliko Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba.

Bel-Air ikagawanyika. Upande mmoja walisema ni lutuku, pombe kali ya kienyeji, kwamba mke wa Ézéchiel anakunywa kwa kujificha. Upande wa pili walisema ni maquillage. Msiojua, maquillage hapa si poda wala rangi ya midomo, ni zile krimu za kujichubua. Wazee wa kanisa walinusa, hawakupata kitu, wakakubaliana kwa hekima yao kwamba pombe yangu haina harufu.

Ndipo familia ikaamua nipelekwe kwa daktari wa ngozi, na Mama Marceline aende nami awe shahidi. Hapo ndipo tulipofika.

Daktari mwenyewe anaitwa Katongo. Alisoma nje, akarudi na mashine moja na Kifaransa cha puani. Katika chumba cha kungojea tulikaa karibu na mama mmoja wa hapa hapa, Mama Mumba, aliyekuwa na kovu la moto shingoni. Mama Marceline akamuuliza humo ndani wanafanya nini.

"Beko na mashini ya leza," akasema Mama Mumba.

"Ya nini?"

"Leza. Inamulika, inaunguza kile kibaya, inaacha kizuri."

"Leza gani? Shi Leza njo Mungu mu Kiluba?"

"Njo jina yake, mama. Banamuita tu vile."

Mama Marceline akatikisa kichwa polepole, akakaza kitambaa chake cha kichwa kama mtu aliyeambiwa ameketi madhabahuni bila kujua. Mimi nilitazama ukutani nisicheke. Miaka yote aliyoishi na watu wa Katanga, kumbe alichookota ni jina la Mungu tu, na hilo lenyewe analisikia mahali ambapo halipo.

Nikaitwa. Mama Marceline akabaki nje, lakini mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto.

Daktari Katongo alinigeuza uso huku na huku kwa kidole kimoja. Akawasha taa ndogo. Akatazama kwa lenzi.

"Madame Domitille, hii haiko pombe," akasema.

Jamani! Nilitaka kumkumbatia. "Docteur, sema kwa nguvu."

"Pardon?"

"Paza sauti, docteur. Mama mukwe wangu iko pale inje. Sema asikie."

Na yeye, mtu mtiifu, akapaza sauti. Kosa langu ni kwamba sikumwambia wapi pa kuishusha. Akaendelea kupiga kelele vile vile mpaka mwisho, kama mhubiri wa njia panda.

"Haiko pombe! Iko rosacée, ugonjwa ya ngozi! Na hii mishipa midogo inatambaa ku pua na ku mashavu, unaiona? Hii njo couperose. Couperose, madame! Yeye njo adui yako!"

Lazima niwaeleze Kiswahili cha Daktari Katongo. Kwake kila kitu ni "yeye". Kiti ni yeye, sindano ni yeye, mvua ikinyesha ni yeye ananyesha. Kifaransa kimemla ulimi.

"Yeye anajificha," akaendelea. "Unazani ameenda, anarudia. Anapenda pilipili. Anapenda chai ya moto, anapenda moshi ya mbabula. Kila siku anakula uso yako pole pole!"

"Na dawa yake?"

"Mbili pamoja. Leza kwanza, anafunga ile mishipa. Pomadi nyuma, unapaka kila siku, inatuliza bipele. Leza peke yake, anarudia. Pomadi peke yake, haimuwezi. Tunamupiga na bote mbili!"

Hapo nikamwona mtu mwenye maana. Lakini akaharibu palepale.

"Unapakaka nini ku uso?"

"Glycérine tu."

"Na nini ingine?"

"Hakuna ingine."

"Madame, hii ngozi inaonekana sawa yenye kukula cortisone. Krimu za ku tube, zile za kujichubua za ku soko."

Damu ikanipanda, na mnajua tayari ilikuwa juu. "Docteur, miye siko mutu wa maquillage. Mimi ni mke wa mutu wa kanisa."

"Sikuulizi kanisa. Hiyo glycérine, nani anaitengeneza?"

"Mdogo wangu. Rose."

"Rose," akarudia, kwa sauti ile ile ya njia panda. "Bien. Siku ya kurudi, leta chupa ya Rose. Kama kuko kitu ndani, leza na pomadi bote ni bure. Lazima tukate kule inatokea!"

Nikamwangalia kwa dharau niliyokuwa nayo yote. Mtu amesoma mpaka amepoteza lugha yake, halafu anakuja kushuku glycérine ya mdogo wangu. Nikalala kitandani, wakanivalisha miwani ya chuma, ikawa giza.

Leza, nawaambia ukweli, ni mafuta ya moto yanayoruka kutoka kwenye kikaango, tone baada ya tone, na huruhusiwi kuondoa uso. Alipiga shavu la kushoto lote. Akavuka hadi puani. Alipofika katikati ya pua, mashine ikalia kama mbuzi na kuzima. Umeme umekatika.

"Washeni jenereta!" akaita Daktari.

"Haina mafuta," sauti ikajibu kutoka nyuma ya nyumba.

Ndivyo nilivyotoka na nusu ya uso. Kushoto madoa ya zambarau yaliyovimba, kulia shaba yangu ya zamani, na mpaka unapita katikati ya pua kama mpaka wa nchi mbili zilizogombana. Daktari Katongo akaniambia nirudi umeme ukitulia, kana kwamba katika mji huu umeme una tabia ya kutulia. Akanikataza jua, pilipili na moto. Akanipa karatasi ya pomadi.

Mama Marceline alinipokea mlangoni kwa namna ambayo ingenishtua kama ningekuwa na akili siku ile. Alinishika mkono kwa upole. Akatazama shavu langu, machozi yakamlengalenga.

"Pole, mwanangu," akasema. Mwanangu! Tangu niolewe sijawahi kuitwa hivyo. "Ngojea pomadi yako ku pharmacie, usikimbie. Miye natangulia. Kuko kazi docteur ameniachia."

Nikafikiri anakwenda kuwatangazia majirani kwamba sinywi pombe. Nikamwombea hata heri njiani.

Pomadi ilichelewa, foleni ilikuwa ya watu na malalamiko yao. Nilipofika nyumbani nilimkuta Benita ameketi kizingitini analia bila sauti. Ndani, Mama Marceline alikuwa anamwaga maji ya chumvi kwenye chumba cha Rose. Godoro la Rose lilikuwa limesimamishwa ukutani.

"Rose iko wapi?"

"Nilimukata," akasema, bila hata kugeuka.

Nilitazama mikono yake, nikatafuta kisu, nikatafuta damu, nikaona ndoo na chumvi tu.

"Umemukata namna gani, mama?"

"Namna docteur alisema. Couper Rose. Nilisikia na masikio yangu. We mwenyewe ulimuambia apaze sauti nisikie, nikasikia."

Nikakaa chini sakafuni, kwenye maji ya chumvi.

"Couperose, mama. Ni jina ya ugonjwa!"

"Jina ya ugonjwa njo Rose. Miye Kifaransa yangu iko kidogo, lakini couper najua. Couper ni kukata. Na Rose namujua pia, analala mu nyumba yangu."

"Ni neno moja!"

"Neno moja, maneno mbili, Rose iko ndani."

Mniambie ninyi mliosoma, mngemjibu nini? Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka shavu la kushoto likaniuma kama limepigwa leza upya, na yeye akaningoja nimalize kwa uvumilivu wa mtu mwenye ushahidi.

"Nani anakutiliaka pilipili mu samaki?" akauliza. "Rose. Nani anakupikiaka chai ya moto asubuhi? Rose. Mbabula nani anawasha? Docteur alisema: anajificha, anarudia, anakula uso yako pole pole. Alisema chupa ya Rose, alisema jina, miye sikumutajia! Na mashini yenyewe ni ya Leza. Unataka Mungu aseme mu luga gani?"

"Umemupeleka wapi?"

"Chadrack, chauffeur ya Ézéchiel, alikuwa anatoka na camion kuchukua samaki ku Pweto. Nilimupandisha. Ézéchiel atamuonyesha njia ya kurudi kwao."

"Kwao wapi, mama? Kwao kumeanguka!"

Akachota maji mengine.

Nilimpigia Rose, simu yake imezimwa. Nikampigia Ézéchiel, aliyekuwa kule Pweto ziwani akinunua samaki wake. Mume wangu ni mtu wa amani, na amani yake ni kukubaliana na aliyepiga simu kwanza.

"Mama ameisha kunielezea," akasema. "Acha apoe, chérie. Rose atakaa huku kidogo, tutaona."

"Unajua couperose ni nini?"

"Najua. Lakini utamuelezea mama?"

Nikamkatia simu. Hapo ndipo nilipoijua familia niliyoolewa. Mmoja hajui Kifaransa, mwingine anakijua na hana matumizi nacho.

Nikafungasha mfuko nimfuate Rose. Niliweka pomadi ya Daktari, na niliweka pia chupa ya Rose, kwa makusudi, ili Mama Marceline anione nikiiweka. Akanifuata hadi barabarani.

"Docteur alikukataza jua!"

"Docteur alisema mambo mingi, mama. We ulichagua moja."

Nilipata nafasi kwenye pick-up ya ndugu mmoja wa kwetu, mfanyabiashara wa unga, aliyekuwa anakwenda Kasomeno, kwenye njia hiyo hiyo ya Pweto, na kurudi siku ile ile. Alinitazama mara moja, akatazama barabara, na kwa adabu ya watu wa kwetu hakuniuliza kitu hadi tulipofika.

Vumbi, joto la injini miguuni, jua kwenye kioo. Kila nilichokatazwa nilikipata kwenye kiti kimoja. Nikajifunika kitenge. Uso ukawaka wote, zambarau na shaba pamoja. Nikapaka pomadi ya Daktari kushoto, alikopiga leza. Kulia nikasema, wewe bado ni wa Rose, ukae na dawa ya Rose. Nikapaka ile glycérine yake, kwa ushindani tu.

Mungu ni shahidi, kabla ya kufika shavu la kulia lilikuwa limepoa. La kushoto bado linawaka na mashine yake ya ng'ambo, la kulia limetulia kama lililooga mtoni. Nikacheka peke yangu chini ya kitenge. Nilikuwa tayari nimeyapanga maneno ya kumwambia Daktari Katongo, aende akarudishe shahada yake walikomuuzia.

Lori la Chadrack tulilikuta Kasomeno, limepaki kando ya wauza samaki, na miguu ya Chadrack inatoka chini yake. Springi imevunjika. Sijawahi kuipenda barabara mbovu kama siku ile.

"Patronne!" ikasema miguu ya Chadrack. "Ni Mama ya kule nyumbani njo alinituma, miye siko na neno."

"Nyamaza, tengeneza. Rose iko wapi?"

Rose alikuwa ameketi juu ya gunia, mgongo kwenye gurudumu, mfuko wake mapajani. Aliponiona alisimama. Nikamkamata, nikamkumbatia mpaka wauza samaki wakaacha kupatana bei kututazama.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Twende, nikuambie ujinga wenyewe ulivyokuwa, utavunjika mbavu."

Nikamwambia yote. Nilimwigiza Mama Mumba na leza yake, nikamwigiza Daktari na Kifaransa chake cha puani, nikamwigiza Mama Marceline na ndoo: neno moja, maneno mbili, Rose iko ndani! Hata mama mmoja wa samaki akacheka, asiyejua anacheka nini.

Rose hakucheka.

Alikuwa ananitazama usoni. Akanyoosha mkono, akagusa shavu la kushoto kwa ncha ya kidole, kisha la kulia.

"Huku nani alifanya?"

"Huku docteur na mashini yake. Huku weye." Nikatoa chupa kwenye mfuko, nikaipunga. "Angalia! Chupa yako imemushinda na masomo yake yote. Alisema ati nimuletee aone kuko nini ndani. Nitamuletea, nimupake ku pua."

Rose akaichukua chupa. Akaishika kwa mikono miwili.

"Yaya, dada yangu, docteur anajua."

"Anajua nini?"

"Haiko glycérine tu."

Nilimsikia vizuri. Nasema hivi kwa sababu siku ile kila mtu alikuwa amesikia vibaya, na mimi nilitamani kuwa mmoja wao.

"Mwezi ile tulifika," akasema, "ulikuwa unalia. Ulisema Ézéchiel hakuangaliake tena, anaangalia babibi ya hapa, beko beupe, beko na ngozi ya kung'aa. Nikaenda ku soko. Mama mumoja akanipatia tube, akasema inaondoa bipele, inaleta rangi ya muzuri. Nikatia kidogo mu chupa yako. Kidogo tu, yaya. Ukakuwa muzuri. Uliniambia mikono yangu imebarikiwa. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemwambia hivyo mbele ya Mama Marceline, ili nimuumize roho.

"Halafu tube ikaisha. Uso yako ikawaka. Nikanunua ingine, ikatulia. Kila nikiacha inarudia, kila nikitia inatulia. Lakini kila kurudia inarudia mubaya zaidi. Nikaogopa kuacha, nikaogopa kuendelea. Siku bazee ya kanisa banakunusa kinywa, nilikuwa nyuma ya mulango. Nilijiuma kidole mpaka damu."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Juu ya nini, Rose? Miye! Miye yaya yako!"

Aliinua macho. Hajawahi kunitazama vile, hata siku ya kukimbia.

"Juu unachekaka kila mutu, yaya. Unacheka mama mukwe, unacheka docteur, unacheka bazee, unacheka bwana yako. Kila mutu unamuiga na mudomo. Miye njo mutu moja tu hukunicheka. Niliogopa siku utanianza."

Mama wa samaki akajifanya anapanga samaki wake.

"Leo mama mukwe alipokuja, alisema docteur ameniona, amesema nikatwe. Sikubisha. Hakunisukuma, yaya. Nilifunga bintu yangu miye mwenyewe. Nilizani amekutuma."

Ndivyo ilivyokuwa, wasomaji wangu. Mwanamke asiyejua Kifaransa alisikia neno ambalo halikusemwa, kutoka kwa mashine ambayo si ya Mungu, akamfukuza mtu aliyekuwa kweli ananila uso pole pole. Na mimi niliyesikia kila neno sawasawa sikusikia hata moja. Daktari aliniuliza mara mbili. Nilimjibu kwa kanisa la mume wangu.

Nilimchukia Rose. Sitaki kuwadanganya. Nilimchukia pale pale, kwa nguvu, na nilikuwa bado nimemshika mkono. Niliona mgongo wake na Benita juu yake, barabara imejaa watu, mizinga inalia nyuma yetu, na mimi mbele na masanduku yangu ya nguo. Kisha niliona pua ya yule mzee ikisogea mdomoni mwangu.

Kumrudisha nyumbani ni kusema ukweli. Na nikisema ukweli, Mama Marceline atakuwa na haki mpaka siku nitakapozikwa, atasimulia kanisani, atasimulia matangani, couper Rose, nilisikia na masikio yangu. Rose hatalala hata usiku mmoja katika nyumba ile. Kumwacha aende Pweto ni kumwacha mikononi mwa Ézéchiel, anayekubaliana na aliyepiga simu kwanza, na baada ya Pweto hakuna kwao.

Chadrack akatoka chini ya lori, akajifuta mikono kwenye suruali. Akapanda, injini ikanguruma, moshi ukatufunika. Upande wa pili ndugu wa unga akapiga honi ya pick-up, pua yake imeelekea Lubumbashi. Anataka kurudi kungali mwanga.

"Patronne!" Chadrack akaita kutoka juu, akipaza sauti kuzidi kelele za injini. "Rose anapanda kwangu ao anarudia na weye?"

Shavu la kulia lilikuwa limeanza kuwaka tena. Rose alikuwa ananitazama, chupa kifuani.

Nikafungua mdomo kusema jina lake, jina tu, niliite kama nilivyoliita tangu alipozaliwa. Likatoka. Na mbele ya jina hilo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilisikia lile neno dogo la Kifaransa, couper, na sijui kama lilikuwa kichwani mwangu au kinywani.

"Patronne?" akaita Chadrack. "Sikusikia muzuri. Umesema nini?"

Rose alikuwa amesikia. Aliweka chupa chini, taratibu, karibu na gurudumu, akachukua mfuko wake, akageukia lori la Chadrack.